Siku saba Jambiani: ulizeni maji kwanza

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi Dodoma ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mwishoni mwa Juni mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa kiume miaka 13 na wa kike miaka 9, tutakaa siku saba Jambiani, Unguja, katika nyumba ya rafiki wa mume wangu. Si hoteli, ni nyumba ya kawaida kijijini. Wenzangu kazini wanasema siku mbili zingetosha, maana kule ni kijiji cha wavuvi, hakuna cha kufanya ila kuikodolea macho bahari. Ni kweli? Na huyu wa kike hajawahi kuiona bahari wala hajui kuogelea. Nina wasiwasi naye."

Marahaba, mwanangu. Wenzako hawakukudanganya, wamesema walichokiona. Mtu akishuka Jambiani saa nne asubuhi siku ya bamvua, siku maji yanapopwa mno, anakuta bahari haipo. Mbele yake kuna mchanga mweupe, nyasi za bahari, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mstari wa mawimbi yanayovunjika mbali kule kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja kutoka alipo. Anauliza, ya kuogelea iko wapi? Anakaa kivulini, anachoka, na jioni anatafuta gari la kurudi mjini. Kumbe ule uwanda alioudhani mtupu ndio shamba, ndio njia, ndio jiko na ndio uwanja wa mpira wa kijiji kizima, na kila saa una kazi yake.

Nimezaliwa kusini Unguja. Utotoni nilivua na baba yangu kwa ngalawa, ukubwani nikawa afisa uvuvi, na miaka yote hiyo mgeni akiniuliza afanye nini pwani, mimi humuuliza kwanza: leo maji yanapwa saa ngapi? Akilijua hilo, siku yake imeshapangika. Asipolijua, atakwenda kutazama mwani maji yamejaa, atataka kuogelea maji yamekauka, na ngalawa aliyowaahidi wanawe itakuwa imekaa mchangani.

Kuyajua maji si kazi kubwa. Wazee huhesabu kwa mwezi mwandamo, nawe unaweza kufanya hivyo kwa kalenda ya Kiislamu iliyo kwenye simu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 na siku mbili tatu zinazofuatia, ni bamvua: maji yanajaa mno na kupwa mno, tofauti yake karibu mita 4. Tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu: yanapanda na kushuka kidogo tu, mita moja na kitu. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ikifika wiki ya maji mafu mambo yamegeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, jioni imepwa. Katika siku saba mtaonja hali zote mbili, au karibu zote. Asubuhi za kupwa ni za kutembea na kukaa na watu kazini mwao. Asubuhi za kujaa ni za kuogelea. Ziandike saa hizo kwenye karatasi, ibandike nyuma ya mlango.

Siku ya kwanza msipange kitu. Mwenyeji wenu awapeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, mjulikane mmefika. Ni adabu, na pia ukipatwa na shida usiku kila mtu anajua wewe ni mgeni wa nani. Pitieni njia za ndani, mkisalimia. Kule salamu haipitwi mbio: anayekusalimia anasubiri kusikia habari za nyumbani, za safari, za watoto. Wazee wakizungumza wao kwa wao mtasikia Kikae, lugha ya kusini, na mwanao wa kiume huenda akashangaa kuwa hiki nacho ni Kiswahili na yeye haelewi nusu yake. Amwombe mzee yeyote amfundishe maneno matano. Nguo za kuogelea ni za majini tu. Ukitoka, jifunge kanga. Kanga mbili kwa kila mwanamke ndio mzigo wa maana kuliko vyote utakavyofunga, na baada ya hapo viatu vya kufunga kisigino, raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda, vya kutembelea pwani. Kandambili huvutwa na matope na kuachwa huko.

Sasa mwani, maana ndiyo kazi mtakayoiona kila kupwa. Kilimo hiki kilianza pwani yetu ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo sehemu kubwa kimekuwa mikononi mwa wanawake. Mtawaona wanateremka na mapolo, wamejifunga kanga kiunoni, wanakwenda mashambani mwao, na mashamba hayo hayana ukuta lakini kila mmoja anaujua mpaka wake. Shamba ni mambo, yaani vigingi vilivyopigwa mchangani kwa safu, na kamba zilizotandwa baina yake. Kwenye kamba hufungwa mbegu, vitawi vya mwani, kwa vikamba vyembamba viitwavyo taitai.

Itazameni mikono ya mama anayefunga. Anachukua kitawi kinachojaa kiganja, anakiingiza kwenye taitai, anakivuta kifundo kwa kidole gumba na cha shahada bila kukitazama, huku anazungumza na mwenzake wa shamba la pili. Kifundo kikikaza sana kitawi hukatika. Kikilegea, mkondo unakichukua usiku uleule. Mwache binti yako ajaribu kamba moja. Atafunga kumi wakati mama yule amefunga mia, na hapo ataelewa kazi ni nini kuliko ungemweleza darasani. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa, huanikwa. Kilo saba au nane za mbichi hutoa kilo moja ya mkavu, na ile kilo moja ndiyo inayouzwa. Ute wake huenda viwandani kugandisha dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingine mnavyotumia kila siku huko Dodoma.

Waulizeni pia habari za joto. Zamani walilima aina mbili, spinosumu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo isiyovumilia maji yakipata moto: hupauka, ikaoza, ikakatika. Mashamba mengi ya kina kifupi sasa yamebaki na spinosumu, ambayo bei yake ni ndogo. Linaniuma hili kuliko mengi niliyoyaona katika kazi yangu, kwa sababu akina mama hawa ndio waliojenga nyumba za mawe kwa fedha ya mwani na kusomesha watoto, na joto la bahari hawakulileta wao. Mtafiti Dkt. Flower Msuya amekuwa nao kwa miaka mingi. Ndiye mwanzilishi wa jumuiya ya kuendeleza mwani Zanzibar mwaka 2006, amewafundisha kutengeneza sabuni na vyakula vya mwani ili wasiuze malighafi tu, na amejaribu nao njia za kulima kwenye maji ya kina kirefu yaliyo baridi zaidi. Mkitaka kuona mwani unavyogeuzwa sabuni, pandeni gari hadi Paje, kijiji jirani upande wa kaskazini. Kuna kituo cha akina mama cha kazi hiyo, na wageni hupokewa.

Jambiani kwenyewe kuna shamba jingine la baharini ambalo hamtaliona popote bara: shamba la sponji. Shirika la Kiswisi liitwalo marinecultures ndilo lililolianzisha, na walimaji ni wanawake wa kijijini. Sponji ni mnyama, ingawa hana macho wala tumbo. Halishwi kitu; huyachuja maji ya bahari akapata riziki yake. Hutundikwa kwenye kamba zilizoelea, husafishwa mara kwa mara, na akivunwa hukatwa akaachiwa kishina ili amee tena. Mwalimu kama wewe utapata somo zima la sayansi pale. Ombeni mapema, maana kwenda nako ni kwa kufuata maji.

Mkienda pwani na kumkuta mama anafanya kazi, msimpige picha kabla ya kuzungumza naye, msikanyage kamba zake, na mkikaa saa nzima anawafundisha, mlipeni. Saa zake za kazi ni zile chache maji yalipo chini, na moja kati ya hizo amewapa nyinyi.

Pweza ndiye atakayemteka mwanao wa kiume. Mwombeni mwenyeji awatafutie mvuvi wa pweza, wa kike au wa kiume, mwende naye siku ya bamvua hadi karibu na mwamba. Mtu asiyejua atapita juu ya pweza kumi asione hata mmoja. Anayejua hatafuti pweza, hutafuta mlango. Tundu lenye mwenyewe huwa limefagiwa: mchanga umetolewa nje, na mbele yake kuna vijiwe na magamba ya kaa na ya kombe aliowala, yamekaa kama takataka za nje ya jiko. Mvuvi huinama, hutia kijiti taratibu, hasukumi. Anasikiliza kwa mkono. Pweza hukishika kijiti, na mshiko ule unafika mpaka kiganjani. Ndipo huchokolewa, na akitoka hubadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka kahawia ya jiwe hadi weupe, na tena hadi wekundu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Nilipokuwa kazini nilibishana sana na wavuvi juu ya pweza wadogo. Pweza wetu hukua haraka mno. Akiachwa miezi michache tu uzito wake huongezeka mara kadhaa, na jike hutaga mara moja katika maisha yake, hulinda mayai, kisha hufa. Ukimchukua mdogo umechukua na mayai ambayo hayajawahi kutagwa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, Kizimkazi kikiwemo, vimejaribu kufunga kipande cha mwamba kwa kama miezi mitatu na kukifungua siku moja kwa wote, na nimeona kwa macho yangu watu wakitoka siku ya ufunguzi na pweza wa kubebwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo ulizeni kama kuna eneo lililofungwa, na mvuvi wenu akimwachia mdogo, mshukuruni. Ninyi wenyewe mkifunua jiwe kutazama kilicho chini, lirudisheni kama lilivyokuwa. Chini ya kila jiwe kuna watu wa nyumba hiyo.

Watoto watakuta viti vya pweza, jongoo bahari, vikaa na konokono wa kila rangi. Wakitazame, wasikishike kila kitu. Yupo konokono mwenye gamba la umbo la pia, zuri sana, ambaye huchoma kwa sumu kali. Sheria yangu kwa watoto ni kuwa gamba lenye uhai ndani halishikwi kabisa. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, ndiyo maana tunatembea kwa kuburura nyayo na si kwa kunyanyua miguu: akisikia mtikiso huondoka mwenyewe. Yupo pia samaki mwenye miba ya sumu akaaye kama jiwe, huyu ndiye sababu ya viatu. Mtu akichomwa na taa au na huyu, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja na zaidi, huku mkimpeleka kituo cha afya. Joto hupunguza maumivu kweli.

Lakini hofu kubwa ya pwani si sumu, ni maji yanaporudi. Hili naomba ulisome mara mbili. Mwamba wa nje uko juu kuliko sehemu nyingi za ndani. Maji yakianza kujaa hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwa mlango wa mwamba, hujaza kwanza mikondo iliyo kati yako na nyumba, na wewe ungali umesimama pakavu. Nikiwa na umri wa huyu wa kiume wako nilikaa mwambani kwa tamaa ya pweza mmoja zaidi, na nilipogeuka mkondo niliouvuka kwa maji ya magoti ulikuwa umenifika shingoni. Mvuvi aliyepita na ngalawa ndiye aliyenitoa. Tangu siku hiyo ninageuka kabla ya maji kugeuka. Kama kupwa kabisa ni saa tano, saa nne na nusu mnaanza kurudi, hata kama mnaona kungali na muda. Wenyeji hubaki nyuma, hiyo ni kazi yao na wanazijua njia.

Samaki hununuliwa dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki wao. Maji yanapokauka ngalawa zote hukaa mchangani, kwa hiyo mvuvi hutoka na maji yanayopwa na kurudi na yanayojaa. Ukiwa na karatasi yako ya mlangoni unajua saa ya kwenda kusubiri. Juni ni kusi, upepo unavuma kwa nguvu kutoka kusini, nje ya mwamba bahari huchafuka na wengi huvua ndani kwa mishipi, nyavu na madema. Mtapata tasi, changu, pono, mkundaji, pengine ngisi. Samaki wakubwa hupigwa mnada na dalali huwa na haraka. Simameni nyuma siku ya kwanza mtazame tu. Siku ya pili nunueni fungu dogo. Fungua matamvua, yawe mekundu. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Kisha mpeleke samaki nyumbani, umwombe mama mwenye nyumba akufundishe, uketi juu ya mbuzi ukune nazi mwenyewe. Tui la kwanza, kasimile, huwekwa pembeni likaingia mwisho. Tui jepesi ndilo la kuchemshia. Pweza hupondwa kwanza hadi alainike. Akiiva kwa nazi, bizari na ndimu, kwa muhogo au shelisheli, hiyo ni chakula cha mchana ambacho hamtakisahau upesi, na hakuna hoteli itakayowapikia hivyo.

Ngalawa mpande siku maji yamejaa adhuhuri au alasiri, ndani ya mwamba tu, msikubali kutolewa nje wakati wa kusi hata mkiahidiwa nini. Patana bei kabla ya kupanda, uliza kuhusu maboya ya kuokolea maisha kwa watoto, na kama hayapo tafuta ngalawa nyingine. Gogo lake huchongwa kwa mwembe, jembamba kiasi kwamba watu wawili hawakai bega kwa bega, na mikono miwili ya pembeni ndiyo inayoizuia isipinduke. Mwana wako apewe upo, yaani kata ya kutolea maji, afue maji. Kila ngalawa huvuja kidogo na kazi ya kufua ndiyo kazi ya mtoto. Mimi nilianzia hapo. Akiwa hodari nahodha atampa kushika demani, kamba ya kuongozea tanga. Hapo atausikia upepo kwa mkono wake: foromali, mti unaobeba tanga, inalia, tanga linajaa, chombo kinaondoka bila kelele ya mashine, na chini yake nyasi za bahari zinapita kama shamba la mpunga.

Simu yake mwachie, lakini nadhani ataisahau jioni. Watoto wa Jambiani hutengeneza vingalawa vyao kwa vipande vya kandambili zilizookotwa, vijiti na mfuko wa nailoni kuwa tanga, wakavishindanisha kwenye madimbwi. Kuna mpira mchangani maji yakiwa chini jioni, siku za maji mafu. Na vibarazani kuna bao. Asiingie kucheza, aketi karibu na mzee, atazame michezo mitatu kimya, wa nne ataitwa.

Wewe, ukipita ukanda wa mchanga karibu na nyumba, utaona marundo ya mawe yaliyopangwa mahali maji hufika. Chini yake kumefukiwa makumbi ya nazi, kila rundo na mwenyewe. Hukaa humo miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze na kubaki usumba, yaani nyuzi zake. Kisha akina mama hufukua, hupiga kwa gongo, na harufu yake kweli ni kali siku hiyo. Usumba ukishakauka husokotwa kamba kwa viganja, mapajani, bila chombo chochote. Kaa nao nusu saa. Mazungumzo yanayofanyika pale huwa bora kuliko ya mahali popote kijijini, na ukiomba kusokota utapewa nafasi na kusahihishwa kwa upole.

Siku moja mpumzike na bahari muelekee mapangoni. Pango la Kuza lina dimbwi la maji ya rangi ya buluu ya kupendeza na linafikika kwa miguu au baiskeli. Kubwa zaidi kwangu ni pango la Kuumbi, upande wa bara wa kijiji. Wanaakiolojia waliochimba humo wamekuta dalili za wawindaji walioishi miaka kama 20,000 iliyopita, na mifupa ya wanyama, pundamilia wakiwemo. Mwulize mwanao: pundamilia alifikaje kisiwani? Jibu ni kwamba hapakuwa na kisiwa. Zama hizo bahari ilikuwa chini kuliko sasa kwa zaidi ya mita 100, na mahali boti yenu itakapopita kutoka Dar es Salaam palikuwa nchi kavu; mnyama alitembea kwa miguu yake. Kupwa na kujaa mtakakokuona kila siku ni kwa saa sita. Kule kulikuwa kwa maelfu ya miaka. Nendeni na mtu wa kijijini mwenye tochi, kwa kuwa mapango haya watu hufanyia pia mambo yao ya mila na kuna sehemu mtaombwa msiingie.

Mengine nayataja kwa haraka. Njiani kutoka mjini mtapita msitu wa Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, makazi ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee. Saa mbili zinatosha. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na sala bado inasaliwa. Hukohuko watu huenda kutazama pomboo kwa boti. Mimi siwapendekezi, maana boti nyingi huwafukuza na kuwazingira wanyama wale mpaka wanakosa pa kupumzika. Mkienda, mpangieni nahodha akae mbali na asiruhusu mtu kuwarukia. Makunduchi, karibu kabisa na nyinyi kusini, huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, watu wakipigana kwa migomba kumaliza visasi vya mwaka; kwa tarehe zenu hamtauwahi. Kwenda Jambiani kutoka mjini kuna daladala namba 309, au gari la kukodi mkiwa na mizigo.

Kuhusu binti yako. Usimpeleke majini siku ya kufika, amechoka na bahari itamtisha bure. Chagua asubuhi ya maji mafu maji yakiwa yanajaa, si yanapwa, kwa sababu yanayopwa huvuta kwenda nje na hasa siku za bamvua huvuta kwa nguvu. Pale Jambiani unaweza kutembea mbali bado yako magotini. Akae kwanza mchangani yamfikie yenyewe. Akizoea, mpe dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko alikumbatie kifuani, kama watoto wote wa kule wanavyoanza, na wewe uwe majini naye, si ufukweni na simu. Dumu humponyoka mtoto kwa wimbi dogo tu. Siku ya pili au ya tatu mfundishe kulala chali, masikio ndani ya maji, macho juu. Atakakamaa mwanzo, kila mtu hukakamaa. Mkono wako uwe chini ya mgongo wake, na usiuondoe mpaka yeye mwenyewe akuambie uondoe.